Daktari Akisema "Labda Mwaka Mmoja", Tusimfiche Mgonjwa

Katika mwaka wangu wa uchungaji, paroko alinikabidhi kazi ya kutembelea wagonjwa kila Alhamisi. Mmoja wao alikuwa fundi cherehani, baba wa watoto watano, mwenye miaka 50 na kitu. Ndiye aliyeshona kanzu za watumikiaji wa parokia ile. Ugonjwa wake ulianza kwa kikohozi na kuvimba tezi. Akapewa dawa za kifua kikuu, akazimaliza, nafuu hakuipata. Baadaye akaanza kuzimia ghafla, miguu ikavimba, usiku akawa hawezi kulala bila kuegemea mito mitatu. Akapewa rufaa, kisha rufaa nyingine, mpaka vipimo vya hospitali kubwa vikaonyesha kwamba ana ugonjwa uitwao sarkoidosisi, na kwamba umekwisha kuingia moyoni.

Daktari alimwita pembeni mtoto wake mkubwa, akamwambia kwamba moyo wa baba umechoka sana na amebakiza labda mwaka mmoja, labda chini ya hapo. Kijana akawaambia baba zake wadogo na shangazi. Kikao cha ukoo kikaamua: Baba asijue. Nami nilipofika Alhamisi iliyofuata, kijana alinisindikiza hadi getini akaninong'oneza, "Frateri, wewe mwombee tu. Usimwambie kitu. Akijua, atakufa kabla ya siku zake."

Nilitii. Kwa miezi saba nilisali naye, nikamwambia atapona na kurudi kwenye cherehani yake. Yeye akapanga mambo yake kama mtu mwenye miaka ishirini mbele. Alikuwa na ugomvi wa shamba na mdogo wake, akasema watayamaliza Krismasi, mdogo wake akija likizo. Mwezi wa Oktoba alilazwa kwa mara ya tatu. Padre alipoitwa, mgonjwa alikuwa hajitambui. Alipakwa mafuta matakatifu, lakini hakuweza kuungama wala kupokea Komunyo ya njiani. Mdogo wake alifika siku ya maziko.

Baada ya arobaini mjane wake aliniambia neno ambalo limenifanya niandike makala haya. Usiku mwingi mumewe alikuwa akimwuliza, "Hawa watu wananificha nini?" Kumbe tulikuwa hatujamkinga na lolote. Tulimwacha abebe hofu yake peke yake, gizani.

Ninaandika kusema kwamba tulikosea, na mimi nikiwa mmoja wao. Mgonjwa ana haki ya kujua kile daktari anachokiona mbele yake, na anapaswa kukijua mapema. Lakini ili tuseme hivyo bila kuumiza watu, ni lazima kwanza tuelewe utabiri wa daktari ni kitu gani, na si kitu gani.

Ugonjwa wenye njia nyingi

Sarkoidosisi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili yenyewe hujenga vinundu vidogo ndani ya viungo. Mara nyingi vinundu hivyo huanza kwenye mapafu na tezi za kifuani, na ndiyo maana ni rahisi kuudhani kuwa ni kifua kikuu, hasa katika nchi zetu ambako kifua kikuu ni kingi. Chanzo chake hakijajulikana. Kati ya wagonjwa 100 wa sarkoidosisi, kama watano hivi ndio wanaoonyesha wazi dalili za moyo, ingawa uchunguzi wa maiti umeonyesha kwamba wanaoguswa moyoni bila kujulikana ni wengi zaidi.

Vinundu hivyo vikiingia kwenye msuli wa moyo huacha makovu, na makovu yana njia zaidi ya moja ya kudhuru. Yakikaa kwenye njia za umeme wa moyo, mapigo hushuka na mtu huzimia. Yakizusha mapigo ya kasi yasiyo na mpangilio, mtu anaweza kufa ghafla akiwa anakula chakula cha jioni. Yakienea kwenye chumba cha kushoto, moyo hushindwa kusukuma damu, miguu na tumbo hujaa maji, na pumzi hukatika hata kwa kutembea hatua kumi. Tena, ugonjwa huu haukosi tiba. Zipo dawa za steroidi za kutuliza kinga ya mwili, zipo dawa za kusaidia moyo uliochoka, ipo betri ya moyo, kipo kifaa cha kuushtua moyo unapokwenda mbio hatari, na katika nchi zenye uwezo upo upandikizaji wa moyo mwingine.

Sasa mwombe mtu atabiri mwisho wa ugonjwa kama huo. Mgonjwa mmoja atakufa ghafla wakati moyo wake bado unasukuma vizuri. Mwingine, mwenye moyo dhaifu, atatulizwa na dawa na kuishi miaka mingi. Wa tatu atazidiwa, atalazwa, atatoka amechangamka, atazidiwa tena. Ukoo utaitwa mara tatu kuaga, na mara tatu utarudi nyumbani. Mara ya nne, ambayo hakuna aliyeitwa, ndiyo itakayokuwa ya mwisho.

Takwimu zinasema nini

Madaktari hawatabiri kwa kubahatisha. Huangalia mambo yanayojulikana: kiasi cha damu ambacho moyo unasukuma kwa kila pigo, ukubwa wa chumba cha kushoto, makovu yanayoonekana kwenye kipimo cha MRI, historia ya mapigo hatari, na kiasi mgonjwa anavyochoka kwa shughuli za kawaida.

Mwaka 2001 madaktari wa Japani walichapisha habari za wagonjwa 95 wa sarkoidosisi ya moyo. Miongoni mwa waliotibiwa kwa steroidi, asilimia 75 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Wale ambao moyo wao ulikuwa bado unasukuma angalau nusu ya damu iliyomo kwa kila pigo walifikia asilimia 89. Mambo matatu yalijitokeza kuwa dalili za hatari: uchovu mkubwa wa mgonjwa, chumba cha kushoto kilichopanuka, na mapigo ya kasi yanayodumu.

Mwaka 2015 madaktari wa Finland walitoa habari za wagonjwa 110 waliogunduliwa kati ya 1988 na 2012. Kwa jumla, asilimia 83 walitimiza miaka kumi bila kufa kwa ugonjwa wa moyo na bila kuhitaji kupandikizwa moyo mwingine. Lakini kwa wale waliofika hospitali moyo ukiwa tayari umeshindwa kazi, kiwango hicho kilikuwa asilimia 53 tu.

Ndugu msomaji, itazame hiyo 53. Kwa daktari ni habari kubwa, kwa maana inamwambia kwamba huyu ni mgonjwa wa hatari na asimchukulie kawaida. Lakini kwa fundi cherehani aliyelala kitandani haisemi kama atakuwa upande wa wale 53 au wa wale 47. Takwimu huzungumza juu ya kundi, na mgonjwa hufa akiwa mmoja. Zaidi ya hayo, namba hizo ni za Finland, ambako zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa wamewekewa kifaa cha kuushtua moyo. Kuzichukua zilivyo na kumwekea mtu wa kwetu anayetafuta nauli ya kwenda kliniki si haki.

Kwa upande wetu wa dunia, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2012 ulifuatilia wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa kazi katika nchi tisa za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda. Wengi walikuwa na shinikizo la damu, si sarkoidosisi. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 52, na karibu asilimia 18 walifariki ndani ya siku 180. Miaka 52 ni umri wa mtu mwenye watoto shuleni. Hao ndio tunaowakuta kwenye jumuiya zetu ndogo ndogo, na hao ndio tunaowaambia "utapona" bila kuwaambia kitu kingine.

Daktari naye hukosea

Wapo watakaosema, "Basi kama hata takwimu hazina uhakika, ya nini kumtisha mtu?" Hoja hii ina uzito, tena ninaweza kuiongezea. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti uliofanyika Chicago, Marekani, ambapo madaktari 343 waliulizwa wagonjwa wao 468 walioingia kwenye tiba shufaa wataishi muda gani. Waliopatia kwa ukaribu ni asilimia 20 tu. Asilimia 63 walitaja muda mrefu kuliko ule ambao mgonjwa aliishi kweli. Na kadiri daktari alivyomfahamu mgonjwa kwa muda mrefu, ndivyo alivyozidi kukosea. Upendo humfanya mtu aone siku nyingi mahali zilipo chache.

Nami ninasema kosa hilo ndilo sababu ya kuzungumza mapema. Kama madaktari kwa kawaida huongeza siku, basi familia inayosubiri mpaka daktari awe na uhakika itachelewa karibu kila mara. Kwa moyo ulioshindwa kazi, uhakika huja saa za mwisho, na saa hizo mgonjwa mara nyingi hana tena pumzi ya kuzungumza.

Mji huo huo wa Chicago una mfano ninaoupenda. Kardinali Joseph Bernardin, Askofu Mkuu wa mji huo, aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho mwezi Juni 1995. Tarehe 30 Agosti 1996 aliwaambia watu wake hadharani kwamba saratani imerudi, sasa kwenye ini, na kwamba madaktari wanampa mwaka mmoja au pungufu. Alifariki tarehe 14 Novemba 1996. Mwaka ule uligeuka kuwa wiki 11. Lakini kwa kuwa alijua na kukubali kujua, alizitumia wiki zile kuwaaga mapadre wake, kuwafariji wagonjwa wenzake, na kukamilisha kitabu chake juu ya amani aliyoipata. Utabiri ulikosea hesabu, ila haukukosea ujumbe. Ujumbe ulikuwa: panga mambo yako sasa.

"Akijua, atakufa mapema"

Hoja ya yule kijana pale getini ninaiheshimu, kwa sababu ilitoka kwenye mapenzi. Katika mila zetu habari nzito hupitia kwa wazee, na si ustaarabu kumtamkia mtu kifo chake. Lakini tuangalie kinachotokea kweli. Mgonjwa anaona miguu yake ikivimba. Anaona wageni wanaongezeka, na mazungumzo yanakatika akiingia. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Sisi tumejifunza kumficha maradhi mwenye maradhi yenyewe!

Wapo wanaosema pia kwamba kutaja muda ni kukosa imani, kwa kuwa daktari si Mungu. Ni kweli, si Mungu, na madaktari wazuri ndio wa kwanza kulisema hilo. Lakini anayesema hivyo mara nyingi huendelea na kutoa utabiri wake mwenyewe: "Umeshapona, tupa dawa." Huo nao ni utabiri, tena usio na kipimo wala mgonjwa hata mmoja aliyefuatiliwa. Mgonjwa wa moyo akiacha dawa zake anaweza kuzidiwa kwa siku chache, na steroidi zikikatishwa ghafla huweza kuleta hatari ya peke yake. Imani ya Kikatoliki haijawahi kuomba mtu afumbe macho ili aamini. Bwana wetu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake mapema, na zaidi ya mara moja, juu ya kifo kilichokuwa kinamsubiri Yerusalemu. Hawakupenda kusikia, na Petro alijaribu kumzuia. Hakuacha kuwaambia.

Halafu lipo suala la dhamiri. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2278, inafundisha kwamba inaruhusiwa kusitisha tiba zenye mzigo mkubwa usiolingana na faida inayotarajiwa, na kwamba uamuzi huo ni wa mgonjwa mwenyewe kama ana uwezo wa kuamua. Papa Pius XII alikwisha kuzungumza na madaktari juu ya tiba za kawaida na zisizo za kawaida mwaka 1957. Ataamuaje mtu ambaye hajaambiwa? Chukua mgonjwa wa sarkoidosisi mwenye kifaa cha kuushtua moyo kifuani. Anapofikia kufa, kifaa hicho kinaweza kumpiga shoti mara kwa mara bila kumponya. Kukizima kwa ridhaa yake si kumwua, kwa sababu ugonjwa ndio unaomaliza maisha yake. Lakini mazungumzo hayo yanahitaji muda na akili iliyotulia. Hayawezi kufanyika saa nane za usiku, ndugu wakiwa wanalia koridoni.

Mpako si hati ya kifo

Hapa ninaigeukia nyumba yetu wenyewe. Kwa nini familia yetu ile ilichelewa kumwita padre? Kwa sababu iliogopa kwamba mgonjwa akiona stola na mafuta atajua amekwisha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusyo juu ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 73, ulisema wazi kwamba Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya walio katika dakika ya mwisho tu, na kwamba wakati wake unaofaa umekwisha kufika mwamini anapoanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee. Sheria za Kanisa, kanuni ya 1004, zinasema hivyo hivyo, na zinaongeza kwamba sakramenti hii inaweza kurudiwa mgonjwa akipata nafuu kisha akaugua tena sana, au hali ikizidi kuwa mbaya katika ugonjwa ule ule.

Soma kanuni hiyo ukimfikiria mgonjwa wa moyo. Anazidiwa, anapata nafuu, anazidiwa tena. Ni kana kwamba imeandikwa kwa ajili yake. Kanisa halikusubiri daktari awe na uhakika wa siku. Lilisema "anapoanza kuwa hatarini", na daktari anaposema "labda mwaka mmoja", hatari hiyo imekwisha kuanza. Yule fundi angeweza kupakwa mwezi wa Machi, akiwa ameketi kwenye kiti chake, wanajumuiya wakiimba, mkewe pembeni. Angeungama kwa sauti yake mwenyewe. Angepakwa tena mwezi wa Oktoba, na lisingekuwa jambo la kutisha kwa sababu angekuwa amelizoea kama mkono wa Bwana.

Tufanye nini

Kwa familia, ninapendekeza tubadili swali. Tukimwuliza daktari "Amebakiza muda gani?" tunamlazimisha ataje namba ambayo huenda itakosea. Tumwulize hivi: "Daktari, utashangaa akifariki ndani ya mwaka huu?" Akijibu kwamba hatashangaa, inatosha kuanza maandalizi. Kisha tumwombe atueleze mambo yakienda vizuri yatakuwaje, yakienda vibaya yatakuwaje, na lipi lina uwezekano mkubwa zaidi. Mtu akiyasikia yote matatu habaki na tumaini la uongo, wala hatupwi kwenye kukata tamaa.

Kwa mgonjwa, tuanze kwa kumwuliza yeye: "Baba, ungependa kujua kiasi gani juu ya ugonjwa wako?" Wapo watakaosema, "Ongeeni na mke wangu." Hilo nalo tuliheshimu, maana haki ya kujua si lazima ya kulazimishwa. Ninachokataa ni sisi kumwamulia bila kumwuliza.

Kwa parokia, makatekista na viongozi wa jumuiya wafundishwe kwamba kuvimba miguu, kushindwa kulala chali na kulazwa mara ya pili kwa ajili ya moyo ni sababu tosha ya kumjulisha padre. Kuwe na Misa ya wagonjwa yenye Mpako angalau mara moja au mbili kwa mwaka, ili mafuta yale yaonekane kwa watu wanaotembea kwa miguu yao. Tiba shufaa nayo isiachwe kwa wagonjwa wa saratani peke yao. Huduma hiyo ilianza Nairobi mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na mgonjwa wa moyo anayekosa pumzi anastahili kutulizwa kama yule mwenye maumivu ya saratani.

Kwa waseminari wenzangu, tunajifunza kuhubiri kwa miaka mingi, lakini kukaa kimya karibu na mtu aliyepokea habari nzito tunajifunza kwa siku chache. Tusikimbilie neno "utapona" kwa sababu sisi wenyewe tunaogopa. Tuseme lile ambalo ni kweli: kwamba ugonjwa ni mzito, kwamba dawa zinaendelea, kwamba hatujui siku wala saa, na kwamba hatutamwacha. Neno hilo la mwisho ndilo analolisubiri kuliko yote, na ndilo pekee ambalo liko mikononi mwetu kulitimiza.

Mwaka huu nilirudi kuisalimia familia ile. Cherehani bado ipo barazani, imefunikwa kitambaa. Yule kijana sasa ni mwenyekiti wa jumuiya. Aliniambia kwamba jirani yao mmoja, mama mwenye moyo uliopanuka, aliambiwa ukweli mwezi wa Februari. Amepakwa mafuta matakatifu, amepatana na binti yake, na mpaka siku ile alikuwa anapalilia bustani yake taratibu. "Daktari alisema huenda asifike Pasaka," kijana akasema, akacheka kidogo. "Pasaka imepita, Frateri. Na yuko tayari."